Somo lililotumwa bado halijafundishwa

Ndugu Mhariri,

Desemba ndiyo mwezi ambao mwalimu hukaa na muhtasari, kalenda ya shule na daftari la azimio la kazi, akazigawa mada za mwaka mzima wiki kwa wiki. Tunaomba nafasi kwenye gazeti lako tueleze wanavyojisikia walimu wa msingi na sekondari hapa Dar es Salaam wanapotakiwa azimio hilo liwe tayari pia kwa masomo ya mbali, pale shule inapofungwa na mwanafunzi anabaki nyumbani. Wapo wanaodhani kwamba walimu wanaogopa mitandao. Mwalimu anayejaza taarifa za shule kwenye mfumo na kusoma moduli za MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini) kwenye kishikwambi haogopi simu. Anachohofia ni kwamba atatuma somo, watoto 30 kati ya 90 watalipata, na mwisho wa mwezi atatakiwa aandike kwamba mada imefundishwa.

Hofu hiyo ina chanzo. Machi 17, 2020 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kufungwa kwa shule za awali, msingi na sekondari kwa sababu ya korona. Kidato cha Sita walirudi Juni 1, wengine wakarudi Juni 29, karibu wiki 15 baadaye. Katikati hapo kulikuwa na vipindi vya redio na televisheni, na magrupu ya WhatsApp yakafunguliwa kila kona. Tatizo ni kwamba grupu la WhatsApp linamfikia mwenye simu, na mwenye simu ni mzazi. Katika nyumba nyingi za Mbagala, Tandika au Gongo la Mboto, simu inatoka na mama alfajiri kwenda sokoni na kurudi saa 2 usiku ikiwa na chaji asilimia tano. Mtoto wa nyumba hiyo hakukataa kusoma. Hakukuwa na saa hata moja ambayo yeye, simu, bando na mwanga vilikuwa mahali pamoja.

Wala tusidhani jambo hili lilikwenda na korona. Masika ikikolea, barabara ya Jangwani hufungwa, na mtoto wa upande mmoja wa Mto Msimbazi hawezi kufika shule ya upande wa pili. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliwaondoa watu mabondeni, baadhi ya familia zikahamishiwa Mabwepande, umbali ambao mtoto hawezi kuendelea na shule yake ya zamani. Mwaka wa masomo ambao sehemu yake itafanyika nyumbani unaweza kuja bila kubisha hodi. Mwalimu anayeanza kupanga siku shule inapofungwa amechelewa, kwa sababu kazi kubwa ya masomo ya mbali hufanyika watoto wakiwa bado darasani.

Na nchi hii si ngeni katika kufundisha kwa mbali. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwafikia watu wazima vijijini kwa redio, lakini redio haikuachwa ifanye kazi peke yake: kulikuwa na kijitabu, kulikuwa na kikundi cha wasikilizaji, na kulikuwa na kiongozi wa kikundi aliyefundishwa kabla ya kipindi kuanza. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima imefundisha kwa njia ya posta kwa miaka mingi, na Chuo Kikuu Huria kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 kina maelfu waliosoma bila kukaa darasani kila siku. Wote hao walishika jambo lile lile: kitu cha kusoma mkononi, sauti ya kukielezea, na mtu wa karibu wa kumuuliza. Tunapoambiwa leo kwamba kinachohitajika ni mwalimu kukaa mbele ya kamera, tunaona tunarudishwa nyuma ya mwaka 1973.

Tuanze na hesabu ya kamera, kwa sababu ndiyo inayopotezea watu muda. Kipindi cha video cha moja kwa moja cha saa moja hula kati ya MB 500 na GB 1, mara nyingine zaidi. Mtoto wa darasa la tano akiwa na vipindi viwili tu vya namna hiyo kwa siku, siku 20 za masomo kwa mwezi, anahitaji si chini ya GB 20. Wenye watoto watatu shuleni wazidishe mara tatu. Hakuna fundi seremala wala mama lishe atakayenunua bando hilo, na asilaumiwe. Sauti ya WhatsApp ya dakika nne, kwa upande mwingine, haifiki hata MB 1. Picha moja ya ukurasa ni chini ya hapo. Kwa hiyo uti wa mgongo wa masomo ya mbali katika jiji hili uwe karatasi, ukisaidiwa na sauti fupi, na video iwe ya ziada kwa wanaoiweza. Tunajua shule chache za Masaki na Mbezi Beach zinafanya vingine na zinafanikiwa. Tunazungumzia shule ambayo kiwango cha Serikali ni mwanafunzi 45 kwa darasa na waliomo ni mara mbili yake.

Kazi ya kwanza ya Januari ni kujua nani yuko wapi na ana nini. Shule nyingi zina orodha ya namba za wazazi, lakini orodha hiyo ilijazwa mtoto alipoandikishwa na nusu ya namba hazipatikani tena. Swali la "una simu?" halisaidii, kwa maana karibu kila mtu atajibu ndiyo. Fomu inayofaa inauliza mambo haya: simu ni ya nani, ni simu janja au kitochi, huwa nyumbani saa ngapi, nani nyumbani anaweza kumsomea mtoto swali, kama kuna redio inayofanya kazi, na namba ya pili ya jirani au ya mjumbe. Liko swali jingine ambalo fomu za ofisini huwa hazina, nalo ni muhimu kuliko yote kwa Dar es Salaam: shule ikifungwa, mtoto atabaki mjini au atapelekwa mkoani? Wazazi wengi wakisikia shule zimefungwa huwapakia watoto basi la Tanga, Lindi au Morogoro wakakae kwa bibi, kwani mjini hakuna wa kuwaangalia mchana. Mwalimu anaendelea kutuma masomo kwenye simu iliyopo Temeke wakati mtoto yuko Kilwa. Mtoto wa namna hiyo apewe bahasha ya wiki sita kabla hajasafiri.

Majibu yakishapatikana, darasa ligawanywe makundi matatu. Wa kwanza ni wale ambao simu janja ipo nyumbani angalau saa moja kila siku. Wa pili ni wa kitochi. Wa tatu hawana simu ya kutegemea kabisa. Kosa ambalo hutokea hapa ni kuwapangia wa kwanza kazi nzuri halafu wa tatu wakapewa makombo. Karatasi iwe moja kwa wote, maswali yale yale. Wa kwanza waongezewe sauti. Wa pili wapate ujumbe mfupi wa kawaida usiozidi herufi 160, ukitaja somo, ukurasa na siku ya kurudisha. Wa tatu wawekewe mtu wa karibu, kaka wa kidato cha pili au jirani aliyestaafu kazi, ambaye shule imezungumza naye na amekubali.

Sasa karatasi yenyewe. Tuchukue darasa la nne lenye wanafunzi 90 na masomo sita. Ukitoa karatasi moja kwa kila somo kila wiki, ni karatasi 540, yaani rimu moja na ziada ya 40. Kwa wiki kumi ni 5,400, karibu rimu 11 kwa mkondo mmoja tu. Hapo ndipo mwalimu mkuu anashika kichwa. Lakini ukiweka somo moja mbele na jingine nyuma ya karatasi hiyo hiyo, unashuka hadi karatasi 270 kwa wiki, rimu tano na nusu kwa wiki kumi. Hicho ni kiasi ambacho halmashauri na kamati ya shule wakikaa pamoja wanaweza kukipanga mapema. Kisichowezekana ni kukitafuta wiki ya kufunga shule, kila steshenari ya mtaa ikiwa na foleni na bei imepanda.

Upande mmoja wa karatasi unatosha somo la wiki kama umepangwa vizuri. Juu kabisa: jina, namba ya mtoto, darasa, somo na wiki. Chini yake mfano mmoja uliofanywa hatua kwa hatua, bila kuruka hatua hata inayoonekana ya kitoto, kwa sababu hakuna wa kunyoosha kidole kumuuliza. Kisha maswali matatu yanayofanana kabisa na mfano. Kisha mawili yaliyogeuzwa kidogo. Kisha moja linalotumia vitu vya nyumbani. Mwisho mstari wa mzazi wa kuweka alama: alifanya peke yake, alisaidiwa, au alishindwa. Walimu wengi wapya hujaza maswali 20 wakiamini mtoto atakuwa na kazi ya kutosha. Mtoto aliyekosea njia swali la kwanza atarudia kosa hilo mara 20, na likishakaa ni shida kulitoa. Sita yanatosha.

Kuna mambo ya uchapaji ambayo yanaonekana madogo mpaka yakukute. Kipindi cha masika karatasi hunywa unyevu wa hewa hii ya pwani, zinajikunja na kunasa kwenye mashine. Rimu ibaki kwenye mfuko wake hadi saa ya kuitumia, na iliyobaki irudishwe kwenye mfuko wa nailoni. Wino wa printa ndogo zinazotumia wino wa maji hutoka karatasi ikishika tone la maji, na mtoto anayebeba bahasha kwenye mvua atafika na karatasi yenye madoa ya bluu; tumia mashine ya leza au risografu, ile ya kunakili karatasi nyingi kwa mkupuo. Picha zenye vivuli vyeusi zinakula wino na hazionekani. Mchoro wa mistari, uliochorwa kwa mkono na mwalimu anayejua kuchora, ni bora mara kumi kuliko picha iliyonakiliwa kwenye intaneti.

Ugawaji nao una namna yake. Kila mtoto awe na bahasha mbili za kaki zenye jina lake. Moja iko nyumbani ikifanyiwa kazi, nyingine iko shuleni ikisahihishwa, na siku ya kubadilishana mzazi anatoa moja anapokea moja. Siku zigawanywe kwa madarasa ili pasiwe na msongamano: Jumatatu darasa la kwanza na la pili, Jumanne la tatu na la nne, na kuendelea. Kwa watoto wa mbali, kama wale wa pembezoni mwa Chanika, ofisi ya serikali ya mtaa, msikiti au kanisa inaweza kuwa kituo. Ila awepo mtu mmoja mwenye daftari la kuandika nani kachukua na nani karudisha. Bahasha zikiachwa mezani bila mtu, zinachukuliwa ovyo, na mwalimu hatajua nani hajaja.

Kuhusu sauti. Mwalimu hodari darasani anaweza kuboa kwenye simu, na hilo huwavunja moyo wenzetu wengi wa miaka mingi kazini. Darasani anasoma nyuso. Anaona aliyekunja uso, anarudia. Kwenye simu hakuna uso. Dawa yake ni ufupi: wazo moja, dakika tatu hadi nne, si kipindi cha dakika 40 kilichorekodiwa chote. Anza kwa kutaja darasa, somo, wiki na namba ya swali kwenye karatasi, ili mtoto aweke kidole hapo. Baada ya kuuliza swali, nyamaza sekunde tano kabla ya kujibu. Ukimya huo unamsumbua anayerekodi, lakini ndio nafasi ya mtoto kufikiri. Zima feni, usirekodi chini ya bati mvua ikinyesha, shika simu umbali wa shibiri moja kutoka mdomoni. Tuma saa 2 usiku simu inaporudi nyumbani, si saa 4 asubuhi ikiwa Kariakoo. Na usiweke kazi ya kurudishwa adhuhuri ya siku hiyo hiyo.

Grupu lifungwe ili wanaotuma wawe walimu tu. Grupu la wazazi 90 likiachwa wazi hujaa salamu, matangazo ya biashara na video za dini na mpira, simu zinaandika memori imejaa, na sauti ya mwalimu inafutwa pamoja na takataka hizo. Maswali yaende kwa namba ya shule. Tunasisitiza ya shule. Mwalimu wa kike anayetoa namba yake kwa wazazi 90 atapigiwa saa 5 usiku na watu wasio na swali la hesabu. Shule iwe na simu moja na laini yake, ikae kwa mwalimu wa taaluma, na walimu wapokezane zamu ya kuijibu kuanzia saa 1 hadi saa 3 usiku. Mzazi wa kitochi abipu, zamu impigie. Salio la laini hiyo litoke kwenye fedha za shule. Kununua salio na bando kwa mshahara wako ili ufundishe watoto wa umma ni jambo ambalo walimu wamelifanya kimya kimya, na kimya hicho kimefanya lionekane halina gharama.

Picha za madaftari zinazotumwa na wazazi hazisomeki mara nyingi, na sababu ni zile zile: kivuli cha mkono, taa iliyo nyuma ya mpigaji, penseli hafifu, kurasa mbili kwenye picha moja. Wafundishwe kabla, kwenye kikao cha wazazi cha Januari: daftari likae sakafuni karibu na mlango mchana, simu iwe juu yake sawasawa, ukurasa mmoja kwa picha, na mtoto atumie kalamu. Zoezi hilo lifanywe pale pale kikaoni kwa simu zao. Linachukua dakika kumi na linaokoa miezi.

Darasa la kwanza na la pili ndiko kunakotuumiza kuliko kwingine kote, kwa sababu hapo masomo ya mbali yanafanya kazi kidogo sana. KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, hufundishwa kwa sikio na mdomo. Mwalimu anamfundisha mtoto sauti ya b, midomo ikifungana na kufunguka kwa ufupi, kisha anaiunganisha na a. Nyumbani, mzazi kwa nia njema kabisa anamwambia hiyo ni "be". Mtoto anajaribu kuunganisha "be" na "a", anapata "bea", na neno baba linakuwa kitendawili. Mtoto huyo akirudi shuleni anatakiwa kwanza kusahau. Kwa madarasa haya, sauti za herufi zirekodiwe moja moja, sekunde chache kila moja, na mzazi aelekezwe acheze sauti badala ya kuitamka yeye. Kuhesabu kunawezekana zaidi: visoda 20, vijiti vilivyofungwa kumi kumi kwa mpira, na mtoto anaweza kujumlisha na kutoa hadi 99 bila umeme wala bando. Namna ya kushika penseli na mwelekeo wa kuandika b na d lazima mwalimu aone kwa macho, hivyo hata shule ikifungwa tunaomba watoto wa madarasa haya waruhusiwe kuja kwa vikundi vya kumi kumi mara moja kwa wiki, pale sababu ya kufunga inaporuhusu.

Hilo linatuleta kwenye jambo ambalo halihitaji fedha yoyote, ila ujasiri wa kupanga: azimio la kazi lipangwe upya ili yasiyofundishika kwa mbali yatangulie. Kwa darasa la kwanza, sauti za herufi zote zimalizwe mapema kadiri watoto wanavyoweza. Kwa Kidato cha Kwanza, wiki za mwanzo ziwe za Kiingereza cha kufundishiwa, maana mtoto aliyetoka darasa la saba la Kiswahili akipewa karatasi ya Biolojia ya Kiingereza akiwa peke yake nyumbani, anainakili tu. Kwa Kidato cha Nne, majaribio ya Kemia na Fizikia yafanyike Januari na Februari. Bureti na pipeti, vyombo vya maabara vya kupimia vimiminika, haziendi nyumbani, tindikali ndiyo kabisa isitajwe, na mwanafunzi hawezi kujifunza kwa sauti ya simu lini hasa afunge koki ya bureti, tone lile moja linalogeuza rangi. Nadharia na hesabu zake zinaweza kufuata kwa karatasi. Mada ambazo mtoto anaweza kusoma mwenyewe kitabuni, nyingi za Historia, Uraia na Jiografia, zikae mwisho wa muhula, zikiwa akiba.

Vitabu vya Taasisi ya Elimu Tanzania vipo kwenye maktaba yake ya mtandaoni. Vipakuliwe Januari vyote, vikae kwenye memori kadi na kwenye vishikwambi. Mei 12, 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ilizorota nchi nzima na sehemu kubwa ya Afrika Mashariki. Mpango unaotegemea kila mtu kufungua mtandao kila asubuhi ungekwama siku hiyo. Kitabu kilichopo kwenye kadi kinahamishwa simu kwa simu bila bando, hata kwenye benchi la kituo cha daladala. Vishikwambi vyenyewe, vile vilivyotumika kwenye Sensa ya Agosti 2022 na kisha kugawiwa walimu, vina umri sasa. Kila shule ivikague kabla ya Januari: betri inakaa saa ngapi, kioo, nafasi iliyobaki, na chaja. Visivyofaa viandikwe visivyofaa, visihesabiwe kwenye ripoti.

Usahihishaji unavunja mgongo kuliko kufundisha. Wanafunzi 90 kwa masomo sita ni kazi 540 kwa wiki. Kwa dakika mbili kila kazi ni saa 18 za kalamu nyekundu. Mwalimu akijaribu, wiki ya tatu ataanza kuweka vema bila kusoma, na mtoto atajua. Ni afadhali somo moja lisahihishwe kwa makini kila wiki kwa zamu, masomo mengine yapewe karatasi ya majibu ndani ya bahasha inayofuata. Kupiga simu nako kuna mpaka wake: dakika tano kwa kila mtoto wa darasa la 90 ni saa saba na nusu. Wapigiwe kumi waliorudisha kazi tupu au hawakurudisha kabisa. Na alama za kazi za nyumbani zisiingizwe kwenye upimaji endelevu. Kazi nyingine zitafanywa na dada, mama au mwalimu wa tuisheni, na ukiziwekea alama zinazohesabiwa ndiyo umezidi kuwaalika. Swali la kumpima mtoto kweli ni lile linalomtaka aeleze kwa mdomo, kwenye simu, alivyopata jibu.

Sasa, Mhariri, turudi kwenye lile linalotia uchungu. Kwenye shajara ya somo kuna nafasi ya kuonyesha mada iliyofundishwa. Shule ikiwa imefungwa, nafasi hiyo inamlazimisha mwalimu mwaminifu kuchagua kati ya kusema uongo na kuonekana mzembe. Wathibiti ubora wa shule wanakuja, wanahesabu mada, wanalinganisha na kalenda. Mwalimu aliyetuma kila kitu na kufikiwa na theluthi ya darasa anaonekana amekamilisha. Aliyesimama akarudia ili wengine wafike anaonekana yuko nyuma. Tunapendekeza, kwa kipindi chochote cha masomo ya mbali, nafasi hiyo moja iwe nne: imetumwa, imepokelewa, imerudishwa, imeeleweka. Ya kwanza inajazwa tarehe. Ya pili na ya tatu zinajazwa idadi ya bahasha kutoka daftari la ugawaji. Ya nne ibaki wazi hadi mtoto apimwe uso kwa uso, kwa maswali matano mafupi, shule itakapofunguliwa. Mada ambayo chini ya nusu ya darasa wameirudisha iandikwe moja kwa moja kwenye orodha ya kurudiwa, na wiki mbili za kwanza baada ya kufungua zisiwe na mada mpya. Darasa linalofunguliwa likakimbizwa kwenye mada mpya siku ya kwanza linawaacha watoto wale wale kwa mara ya pili.

Mtihani wa darasa la saba huja Septemba, wa Kidato cha Nne Novemba, na matokeo yakitoka jina la shule linatajwa hadharani bila kutaja simu ilikuwa wapi mchana. Ndiyo maana tunataka idadi hizo nne ziwepo kwenye karatasi, zimetiwa saini na mwalimu mkuu na afisa elimu kata.

Kwa halmashauri tano za mkoa huu ombi letu ni rimu, wino na salio la laini ya shule vitengwe sasa, kwa kila mkondo, kabla ya Januari. Kwa wazazi na walezi: siku ya kufungua shule mtapewa fomu ya simu. Jazeni namba mbili, si moja, na kama mtoto huwa anapelekwa mkoani shule zikifungwa, andikeni wilaya na jina la atakayekaa naye huko. Na ikitokea mmebadili laini katikati ya mwaka, mtume neno kwa mwalimu wa darasa wiki hiyo hiyo.

Ni sisi walimu wa msingi na sekondari,
Temeke, Dar es Salaam